Tundu la Kamongo

"Nije, nisije?"

"Njoo!"

"Nije na nini?"

"Njoo na tope la zamani!"

Hapo zamani za kale, kwenye kinamasi kimoja, Kamongo aliishi jirani na Nabwire mfinyanzi. Kamongo mnamjua, ni yule samaki anayepanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe. Alimwonyesha Nabwire udongo mzuri ulipo, na Nabwire akamfukuzia ndege wenye njaa. Wakaitana kaka na dada.

Kikaja kiangazi. Maji yakapungua, yakapungua, yakapungua.

"Dada, nazama topeni kulala," akasema Kamongo. "Nimeacha katundu ka kupumulia. Usikazibe. Mvua ikinyesha, niite mara tatu."

"Lala, kaka. Nitakulinda."

Sasa, mfinyanzi huondoa kwanza udongo wa juu, ule mbaya, akautupa kando. Siku ya kwanza Nabwire aliutupa mbali. Siku ya pili akautupa karibu. Siku ya tatu jua kali, mgongo unauma, akaumwaga pale pale juu ya katundu.

Chini kukasikika: "Dada Nabwire, mlango wangu!"

"Kesho, kaka. Leo nimechoka."

Kesho yake akapita kukata nyasi. "Dada Nabwire, mlango wangu!"

"Kesho, kaka. Leo nachoma vyungu."

Kesho yake tena akapita na vyungu kichwani. Sauti ndogo: "Dada... mlango..."

"Kesho, kaka. Leo ni gulio."

Siku iliyofuata kimya. Nabwire akasema, "Afadhali, amelala." Amelala! Ee Nabwire, mama, wewe!

Mvua ikanyesha. Akaenda mbio, akaita mara moja, mbili, tatu. Kimya. Akafukua kwa mikono. Akamkuta Kamongo amejikunja ndani ya ute wake uliokauka kama ganda la kitunguu, amejifunika macho kwa mkia. Mdomo ulielekea juu, kulikokuwa na tundu.

"Kaka," akalia, "ilikuwa kuinama tu! Konzi mbili tu za udongo!"

Tangu siku hiyo, wafinyanzi wa kule hugonga ardhi mara tatu na kuuliza, "Kuna mtu?" ndipo wamwage udongo. Mimi nilijilaza pale kidogo, wakanigonga kichwani. Nikawajibu, "Nipo jamani!"

Basi, mtu akikuomba pumzi, usimwambie kesho.

Ngano yangu imekauka hapo. Mwenye maji aimwagie, huenda ikaamka. Kamongo wa Nabwire hakuamka.