Nguru wa Mpima Mipaka

Hadithi inabisha hodi.
Ikaribie, tumekaa.
Imetoka mbali, ina vumbi.
Ioshe miguu, iingie.

Basi hapo kale, ambapo hatukuwapo sisi wala waliotuzaa, palikuwa na vijiji viwili, Mtitimo na Kikwangu, na kati yao bonde la mpunga. Kila kijiji kilisema bonde ni lake. Walipochoka kutukanana, wakamwita Mwinyikondo, mpima mipaka, mtu wa safari aliyezunguka na kamba yake nchi hata nchi.

Sasa isikilizeni desturi yao. Mpimaji hapimi mpaka ale kwa pande zote mbili. Akibakiza chakula cha upande mmoja, upande huo umeshindwa, na kamba haina kazi tena.

Adhuhuri akala Mtitimo. Bi Mwanatumu, mwenyeji wake huko, akampakulia wali, akala. Akamwongeza, akala. Akamwongeza tena, na juu yake akaweka pande la nguru wa kupaka, pana kama kiganja cha mvuta makasia.

"Kula, mwanangu," akasema. "Tumbo la mpimaji si lake, ni la watu wote."

Mwinyikondo akalitazama lile pande. Wali akaumaliza kwa jasho, lakini nguru hakupata pa kumweka. Bi Mwanatumu alipogeuka kuchukua maji ya kunawa, Mwinyikondo akamfunga nguru katika jani la mgomba, akamtia mkobani. Mnaniuliza kwa nini hakumtupa? Angemtupa wapi, jamani, na macho ya vijiji viwili yakimfuata hata chooni?

Jioni akala Kikwangu, akasafisha sahani. Usiku ukapita na joto lake. Asubuhi hakupewa kitu, kwani akishakula pande mbili, mpimaji hali tena hadi atoe hukumu. Jua likapanda, naye anapima. Njaa ikamzidi. Akajificha nyuma ya kichuguu, akafungua jani. Nguru alikuwa ananuka kidogo. Akala.

Hakumaliza hata robo ya bonde. Tumbo likamkata, akatapika. Akainuka, likamkata, akatapika. Akainuka mara ya tatu, akaanguka kifudifudi matopeni.

"Mmemtilia sumu," wakasema watu wa Mtitimo.

"Sisi? Si alianza kula kwenu?" akajibu Makame, msemaji wa Kikwangu, akachomoa panga. Mtitimo nao wakachomoa ya kwao.

Mwinyikondo aliyasikia yote pale alipolala. Akisema kweli, Mtitimo watapoteza bonde kwa pande moja la samaki. Akinyamaza, watu watauana kwa ajili ya tumbo lake. Na bonde lisilobaki na mtu, akawaza, nitampimia nani?

"Wekeni mapanga," akasema. "Hakuna sumu. Nimekula nguru wa jana. Nilimficha Mtitimo, nikamla leo."

Makame akatabasamu. "Kumbe alibakiza. Basi bonde ni letu."

Bi Mwanatumu alikuwa amekipakata kichwa cha mgonjwa, anamnywesha dafu. Hata hakugeuka. "Amebakiza nini, Makame? Nionyeshe. Chakula changu amekila chote. Amechelewa tu, na adhabu yake unaiona."

Watu wakatazamana. Akacheka mmoja, akacheka wa pili, kisha akacheka Makame mwenyewe, ingawa hakutaka.

Lakini mpimaji hakuweza kusimama. Ncha moja ya kamba ikashikwa na Bi Mwanatumu, ncha ya pili ikashikwa na Makame, naye akawaelekeza amelala: vuta, legeza, hapo. Kutwa nzima wakavutana hivyo. Mpaka ulipokaa, hakuna aliyeupinga, maana angempinga nani, na ni mikono yao wenyewe iliyouweka?

Tangu siku ile, katika vijiji vile, mpimaji hupima kwanza. Akishatoa hukumu ndipo hukaribishwa kula, chakula kingali na moshi, na huambiwa, "Ukishiba, sema."

Hapo ndipo ninapoukunja mkeka. Aliyependezwa akasimulie kwao.
Ukunje, tumesikia.