Tawi la Mwasumini Uani kwa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri basi, sirudii mara mbili.

Hapo kale walikuwako Mize na mumewe Vuai, na binti yao mmoja tu, Kazija. Siku moja Kazija akachuma maua ya mwasumini wa zimwi, ule uliotambaa juu ya ua wake, kijani masika na kiangazi. Zimwi likamkamata, likamfungia ndani.

Mize akaenda kulia kwake. Zimwi likampa matawi matatu.

"Moja tu liote mizizi kabla mwezi haujaandama mara tatu, utamchukua mwanao. Yasipoota, ninamla."

Basi Mize akapanda tawi la kwanza kivulini. Vuai, kwa uchungu wa mwanawe, akaling'oa atazame mizizi. Likanyauka.

Akapanda la pili. Vuai akaling'oa atazame mizizi. Likanyauka.

Akapanda la tatu, akalizungushia miba. Wiki tatu Vuai, mtu mzima, alijizuia, kisha akaiondoa miba, akaling'oa atazame mizizi. Palikuwa na mzizi mmoja mweupe, mwembamba kama uzi. Ukamkatikia mkononi.

Mize alichoka, alichoka, alichoka na mwanamume yule.

"Vuai, mtoto unamuua wewe, si zimwi."

"Nilitaka kujua tu kama atarudi," akasema Vuai, machozi yanamtoka.

Utamfanya nini mtu kama huyo? Basi Mize akarudi kwa zimwi, akaomba apande hukohuko uani, maana ndipo pahali pekee Vuai asipothubutu kutia mguu. Zimwi likasema tawi jingine halikatwi. Mize akajibu kwamba hakati, zimwi likamwachia. Akainamisha tawi la chini, lingali mtini, akalikwaruza ganda, akalifukia katikati, akaweka jiwe juu.

Siku ya pili zimwi nalo likaja kuuliza kama mizizi imetoka. Siku ya tatu likalishika jiwe.

"Ondoa mkono," akasema Mize, kachoka hata kuogopa. Zimwi likaondoa mkono.

Mwezi ulipoandama mara ya tatu, jiwe likaondolewa. Mizizi tele! Mize akalitenga tawi na mti wake, na zimwi likamfungua Kazija.

Vuai alikuwa anangoja njiani. Akamkimbilia mwanawe, akamtazama uso, akamtazama mikono, akamtazama miguu. Mize akamwacha atazame mpaka aridhike.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Na nyinyi, mkipanda kitu kipeni muda, msikifukuefukue.