Ndoo Moja ya Chokaa

Hapo zamani, katika bonde moja la Umatengo, mashahidi wote walikubaliana juu ya mambo matatu: kwamba perege katika bwawa la Bi Kolastika walikuwa wakielea kiubavu, kwamba aliahidi ndama jike kwa atakayewaokoa, na kwamba ndama alikuwa mmoja. Mengine yote yalibishaniwa.

"Njaa hiyo," majirani walisema. "Waongezee pumba."

Osmunda, aliyesomea ufugaji wa samaki, akachovya karatasi ya kipimo. "Si njaa, mama. Ni asidi. Kwa kipimo hiki maji salama ni saba; namba ikishuka, asidi imezidi. Haya ni tatu."

Mwalimu Otmari akashika kalamu. "Kila hatua ya kushuka, asidi huzidi mara kumi. Hatua nne, mara elfu kumi. Chokaa ya kuizima asidi yote hiyo: ndoo kumi." Hesabu ilikaguliwa mara mbili. Haikuwa na kosa.

Kuniberti, shemeji wa Bi Kolastika, akapewa kazi ya kumwaga. Alimwaga ndoo moja, akaketi.

"Na zile tisa, shemeji?"

"Shemeji, unafuga samaki au unapaka kanisa chokaa? Mgongo umekataa."

Kesho yake perege waliogelea. Karatasi ilisema saba. Otmari akapiga hesabu kinyumenyume: ikiwa ndoo moja kati ya kumi ilitosha, asidi ilikuwa pungufu mara kumi, yaani hatua moja; maji yalikuwa nne, si tatu. Ndoo kumi zingeyafikisha kumi na moja, na samaki wangekufa kwa besi, kinyume cha asidi.

Osmunda akakiri: alisoma karatasi akiwa amejifunika kanga nyekundu kukinga jua, na mwanga mwekundu wa kanga ukaifanya karatasi ionekane nyekundu zaidi, rangi ya asidi kali.

"Hata hivyo," alisema, "bila mimi mngewalisha pumba mpaka wafe."

"Nilipewa namba mbovu," alisema Otmari, "nikaitendea haki. Na kosa lisingejulikana bila hesabu yangu. Mwakani mngemwaga kumi."

"Nyote wawili mlikubaliana kuua," alisema Kuniberti. "Mimi ndiye niliyekataa."

"Ulikataa kwa uvivu!"

"Dada Osmunda, muulize perege kama anajali."

Bi Kolastika alishika kamba ya ndama, asijue aielekeze wapi. Ahadi yake ilisema "atakayewaokoa". Haikusema kwa elimu, wala kwa nia, wala kwa mgongo. Wa kwanza aliujua ugonjwa akakosea kiasi. Wa pili alikokotoa sawasawa jibu la kuua. Wa tatu aliokoa bila kukusudia.

Nawe msikilizaji, ushahidi umeusikia wote. Je, kamba ungemkabidhi nani?