Mwiko wa Kuku Mmoja

Mwiko wa kuku mmoja haufungi banda lililojaa. Methali hii mliisikia jana kwenye kikao cha ukoo, mkacheka, na leo mnanijia mkiuliza ni kuku gani huyo. Kaeni basi. Kiula, weka hiyo simu. Methali haisikilizwi kwa sikio moja. Hii ilizaliwa hapa hapa Iramba, jikoni kwa jirani yangu Mama Msengi.

Mama Msengi alikuwa mfugaji hasa. Kuku walijaa bandani hadi wengine wakalala juu ya kuni, na siku ya mnada matenga yake ndiyo yaliyotangulia. Lakini katika nyumba ile hakuna mwanamke aliyeonja yai. Ulikuwa mwiko wa ukoo wa marehemu mumewe: mwanamke akila yai, mimba yake haifiki. Msiwacheke. Nani kati yenu anafagia nyumba usiku?

Mwanawe, Msengi, akaoa binti mpole aitwaye Tabea. Mimba ya kwanza ikamkausha. Midomo ilipauka, na kila akisimama alishika ukuta. Kliniki wakamwambia damu imepungua sana, hali hiyo ni hatari kwake na kwa mtoto. Ale mayai na maharage. Maharage mwaka ule yaliungua na jua. Mayai yalikuwepo kikapu kizima, chini ya kitanda cha mama mkwe wake.

"Mama, nesi amesema..." Tabea alianza.

"Nesi hakuolewa humu," Mama Msengi akamkata.

Majirani wakamwita mchoyo. Walisema anampenda kuku kuliko mjukuu.

Ndipo akaja Bibi Nzitu kuwasalimu. Huyu alikuwa shangazi wa marehemu, mzaliwa wa nyumba ile, aliyeolewa mbali akiwa bado msichana. Mimi nilikuwa nimekwenda kuazima ungo. Bibi akamtazama Tabea, akatazama kuku waliojaa uani, akauliza, "Huyu mtoto mbona hamumpi mayai?"

"Shangazi, si mwiko wa kwenu?" Mama Msengi akajibu, akamweleza wote.

Bibi kizee akashika kichwa. "Mpaka leo? Jamani! Mwiko huo aliutunga mama yangu, nami nikiona. Ulikuwa mwaka wa njaa, tumebakiwa na tetea mmoja tu. Tungekula mayai yake, vifaranga tungepata wapi? Watoto tukatishwa kwamba tutakuwa mabubu. Mke wa kaka yangu alikuwa mjamzito, naye ndiye aliyeyalilia zaidi, basi akatishiwa mimba yake. Mama alimnyima huku analia. Alisema kuku wakiwa wengi atautengua mwiko, lakini alifariki kabla hawajawa wengi."

Nilidhani Mama Msengi atafurahi. Badala yake aliketi chini.

"Shangazi, mimi nilikula," akasema. "Yai moja tu. Nilikuwa na mimba, kabla ya Msengi. Ikatoka. Miaka yote hii najua nilimuua mwanangu kwa ulafi wangu. Nilimwogopea Tabea, yasije yakamkuta ya kwangu."

Niliona huruma. Kumbe yule mchoyo wetu alikuwa akimlinda mkwewe.

Bibi Nzitu akamshika mkono. "Hukuua mtu, mwanangu. Mimba hutoka hata kwa wasioonja kitu. Mama yangu alikuwa na kuku mmoja, wewe unao wa kumwaga. Mwiko wa kuku mmoja haufungi banda lililojaa."

Mama Msengi alilia hadi kanga ikaloa. Kisha akainuka, akavuta kile kikapu, akabandika sufuria. Yalipoiva, akamenya yai moja, akampa Tabea. Tabea hakula. Alichukua la pili, akalimenya, akaliweka kwenye kiganja cha mama mkwe wake.

"Tule wote, mama."

Mama Msengi akala.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, ana sauti ya kuamsha kitongoji kizima. Wakamwita Nzitu.

Basi wanangu, mkikuta mwiko wa wazee msiutemee mate. Huenda aliyeutunga alikuwa akilia. Ulizeni tu, siku ile kuku walikuwa wangapi? Kisha tazameni banda lenu. Mwiko wa kuku mmoja haufungi banda lililojaa.