Lundo la Enesia

Hapo zamani, si zamani ya kutisha, palikuwa na mji wa wakulima ulioitwa Lwangilo, juu kwenye baridi. Viazi, kabichi na mahindi vilistawi huko kiasi kwamba mabaki yake yalianza kuwafukuza watu. Majani ya kabichi yaliziba mtaro wa soko. Mabua yalilala njiani. Mchungaji alihubiri akiwa ameshika pua, na waumini wakadhani ni unyenyekevu.

Wakubwa wa mji wakamwita Bwana Shamba, jina lake Sigala, mtu wa kamba ya kupimia na daftari. Wakamwuliza, "Taka hizi zinaweza kuwa mboji, au tuzichome?"

"Sijui," akasema Sigala. "Nipeni lundo moja na siku tisini. Likiwa mboji nitaandika ndiyo. Likibaki taka nitaandika hapana. Na atakayelifanikisha lundo hilo, mboji yote ni yake."

Waliosikia wakacheka, isipokuwa Enesia. Enesia alikuwa na shamba moja tu la viazi, nyuma ya soko, na udongo wake ulikuwa umechoka. Msimu uliopita alivuna viazi vya ukubwa wa gololi. Msimu uliotangulia, gololi pia, ila zilikuwa nyingi kidogo. Ungekuja msimu mwingine wa gololi, angefunga mlango na kwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya chai, mbali na kwao.

"Bwana Shamba," akasema, "nitalijenga mimi."

Akalijenga. Safu ya mabua, safu ya kabichi, safu ya samadi, safu ya udongo, ndoo ya maji. Tena mabua, tena kabichi, tena samadi, tena udongo, tena ndoo. Siku sita, mpaka lundo likamfika kidevuni. Sigala akachomeka kijiti kirefu katikati yake. "Kila Jumatatu nitakichomoa," akasema. "Kikitoka cha moto, lundo linafanya kazi."

Jumatatu ya kwanza akakichomoa, akakiweka shavuni. Baridi. Jumatatu ya pili, baridi. Jumatatu ya tatu kijiti kilikuwa baridi kama pua ya mbwa, na watu sokoni wakawa wanamwuliza Enesia kama lundo lake linahitaji blanketi.

"Mabua uliyaweka mazima mazima, na ni makavu mno," Sigala akamwambia. "Tena kuna kitu kinapungua."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekiandika."

Enesia akaitua ndoo. Siku nne hakulisogelea lundo. Tulishike hilo, maana hata yeye mwenyewe hakulificha.

Sasa, jirani na soko aliishi Lutengano, mpika komoni, ile pombe ya mahindi. Wapika pombe wa Lwangilo walikuwa na mwiko wao: pombe ikiharibika, mpishi asionekane akiimwaga. Akionekana, hakuna atakayekunywa kwake mpaka mavuno mengine. Wiki hiyo mapipa mawili ya Lutengano yaliharibika. Alfajiri akajifunika kanga ya mkewe kichwani, akatazama huku, akatazama kule, akalipanda lundo la Enesia na kumwaga yote, pombe na machicha.

Kulipokucha, kuku wa soko wakalipanda lundo kula machicha. Kufikia saa nne, kuku wa Lwangilo walikuwa wanatembea upande upande. Jogoo wa mtendaji aliiwikia ndoo. Kuku wengine wawili waligombea kivuli cha nguzo, wakaangukiana, wakalala hapo hapo.

Na lundo likaanza kufuka mvuke. Jumatatu Sigala akakichomoa kijiti, akakiweka shavuni, akakitupa chini.

"Limewaka," akasema, na kwa mara ya kwanza watu wa Lwangilo wakayaona meno yake.

Enesia akaikimbilia ndoo yake. Aliporudi kesho yake akakuta shimo ubavuni mwa lundo, na ndani ya shimo mgongo wa mtu. Alikuwa Yusta, muuza mayai ya kuchemsha.

"Wewe, unafukua nini humo?"

"Mayai, dada."

"Tangu lini kuku wakataga kwenye lundo langu?"

"Nimeyazika mwenyewe, wakati ng'ombe wanakamuliwa. Kuni za siku hizi zinafuka tu, haziwaki. Onja kwanza, dada yangu. Matusi yako nitayasubiri hapa hapa."

Enesia akaonja, na chumvi, na pilipili. Ute ulikuwa laini, kiini kimeganda sawasawa. Akala la pili. Matusi hayakuja.

Basi mji ukaingiwa na wazimu wa mayai. Kila mtu alitaka kulizika yai lake na kulifukua mwenyewe. Walimu walikuja, wauza nyanya walikuja, bibi harusi alikuja na wageni wake wote. Wazee waliliegemea lundo kwa migongo, wakagoma kwenda nyumbani. Joto lilihama kila siku, na Yusta alilifuata kwa jembe la meno: taka za juu akazipeleka chini, za ndani akazitoa nje. Mwenyekiti wa soko alipotelewa na yai moja, akalipindua lundo zima kutwa nzima akilitafuta, na jioni yai likakutwa limevunjika mfukoni mwa koti lake.

Sigala aliandika kila kitu. Aliandika kwamba kila lundo lilipotaka kupoa, jembe lililipindua, nalo likawaka upya.

Siku ya tisini akachota kiganja. Mboji ilikuwa nyeusi, inavunjika vidoleni, inanukia kama msitu. Lundo lililomfika Enesia kidevuni sasa lilimfika gotini. Sigala akalizungushia kamba, akapiga hesabu.

"Ndiyo," akasema. "Taka za Lwangilo zinafaa. Mboji hii inatosha shamba moja. Ukiigawa mara tatu, hakuna udongo utakaoisikia."

"Kwa nini mara tatu?" akauliza Enesia, na kikapu kiko mkononi.

Lutengano akapita mbele. Alikuwa amevua kofia.

"Kwa sababu yangu, shemeji. Zile pombe zilikuwa zangu. Zilichacha nikazimwaga."

Soko likacheka mpaka meza zikatikisika. "Kumbe kuku walilewa kwako," mtu akasema.

"Walilewa kwangu," akasema Lutengano, "na tangu leo hakuna mwingine atakayelewa kwangu mpaka mavuno. Nimejichongea kwa mdomo wangu. Lakini kijiti kilikuwa baridi wiki tatu, nikamwaga, kikawaka. Shamba langu la mahindi limechoka pia. Bila mimi, kingekuwa baridi mpaka leo."

"Ulikuwa unaficha aibu, kaka," akasema Yusta. "Hukuwa unatengeneza mboji. Mimi nimelipindua kila siku, miezi miwili, mikono yangu hii hapa, itazameni malengelenge. Nina bustani ya mchicha kwenye mawe matupu. Bila mimi, kijiti kingepoa tena na kubaki baridi mpaka leo."

"Na wewe ulikuwa unachemsha mayai," akasema Lutengano.

"Nilikuwa nachemsha mayai, na nyinyi mkala. Anayetaka kuyatapika ayatapike."

Watu wakamgeukia Enesia. Akasema polepole. "Niliondoka siku nne, ni kweli. Nililikatia tamaa. Nilichokijenga kilikuwa baridi, na joto lililetwa na wengine. Lakini kati yetu wote, aliyejenga akitaka mboji ni mimi peke yangu. Bila mimi, hapa pasingekuwa na kitu cha kumwagia pombe wala cha kuzikia yai."

Soko likagawanyika. Wanywaji upande huu, walaji mayai upande ule, wenye mashamba katikati, na mwenyekiti akizunguka kote koti likinuka. Sigala akafungua daftari. Wakubwa wa mji walitaka malundo mengine kumi, na atakayeandikwa hapo ndiye atakayefundisha wajenzi wake. Akaandika, "Lundo hili lilifanikishwa na," kisha kalamu ikasimama. Juu ya bonde mawingu ya kupandia yalikuwa yamekwisha kukaa. Enesia alikuwa amekishika kikapu kwa mikono miwili.

Haya, nyinyi mnaocheka huko nyuma, mshikeni Sigala mkono wa kalamu: aandike jina la nani?