Mkufu wa Miwani ya Chui

"Mpo?"

"Tupo!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

"Na huyo aliyekaa nyuma yenu, naye yupo?"

Mbona kimya? Basi msigeuke. Sikilizeni tu.

Alikuwepo Chui, mzee, macho yamefifia. Siku moja akakuta miwani juu ya kaburi la fundi cherehani, akaivaa. Loo! Akaona kila ufa wa jabali, na ndani ya kila ufa, pimbi. Hao ni wanyama wadogo, wanene, wanaoishi kwenye mawe. Akawala. Leo mmoja, kesho mmoja.

Lakini kila akila, huivua miwani isichafuke damu, kisha husahau alipoiweka. Ikipotea, jabali zima linalala usingizi. Ikionekana, jabali zima linalia.

Chui akachoka kutafuta. Akamwendea Bi Pimbi, mtunga shanga, aliyekuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, Kitufe, kamficha ufani.

"Nitungie kitu cha kuishika miwani hii, isipotee tena. Na kiwe cha kupendeza. Mimi si wa kuvaa kamba!"

"Nami nitapata nini, mzee wangu?"

"Kitufe nitamla mwisho."

"Na shanga?"

"Zimejaa mlangoni kwangu. Kaokote."

Bi Pimbi akaenda. Hazikuwa shanga. Yalikuwa meno, madogo, meupe. Mengine aliyajua, aliyaona yakiota. Alilia, jamani, alilia sana, lakini mikono haikuacha kutunga. Jino, mbegu nyekundu. Jino, mbegu nyekundu.

Asubuhi moja ya ukungu, juu ya jabali, akamvisha Chui. Kche, kche, kche.

"Nimependeza?"

"Umependeza. Ila... aa, basi."

"Ila nini? Sema!"

"Mkufu umezama kwenye manyoya ya shingo. Ivue miwani, iache ining'inie kifuani, ndipo mkufu uonekane."

Chui akaivua. Asione mbele wala nyuma.

"Na sasa?"

"Sasa wewe ni bwana arusi! Wote wanakutazama."

Hapakuwa na mtu. Chui akatikisa kifua. Kche, kche, kche.

"Nani hao wanaopiga makofi?"

"Watoto, mzee wangu."

"Watoto gani?"

"Unawajua wote."

Chui akacheka. "Wako wapi?"

"Mbele kidogo. Wasogelee."

Hatua. Kche.

"Nivae miwani niwaone?"

"Ukiivaa, mkufu watauonaje?"

Akaona kweli, akaiacha. Hatua. Kche.

"Mbele kidogo."

Hatua. Kche.

"Mbele kidogo."

Hatua.

Puu!

Ukungu ukafunga. Kitufe akatoa kichwa ufani.

"Mama, amekufa?"

"Amekufa."

"Mbona bado nasikia kche, kche?"

Bi Pimbi naye alisikia. Sauti ilikuwa inapanda jabali, polepole, na haikuwa ya miguu ya Chui. Ilikuwa ya miguu myepesi, mingi. Aliogopa, na moyo ukamjaa furaha papo hapo. Hakukimbia.

"Sogea ndani, mwanangu," akasema. "Wape ndugu zako nafasi ya kulala."

Ngano yangu imefika mlangoni kwao, nami siingii. Anayetaka aingie.

Na funzo lake? Wenye miwani, itungieni mkufu mzuri, muivae kifuani. Chui alifanya hivyo, na tangu siku ile hajaipoteza hata mara moja.