Picha Mgongoni mwa Nakijwa

"Mbeba picha huiona kwa macho ya wenziwe."

Msemo huo tuliusikia jioni ya Alhamisi, kwenye mjadala wa hadhara wa chuo chetu cha uchoraji, kinywani mwa mgeni aliyekuja kuzungumza nasi juu ya kuchora vitabu vya watoto. Aliusema harakaharaka, wakubwa wakacheka, naye akaendelea na mengine.

Mjadala ulipokwisha, Bi Mwajabu Hoza alianza kazi yake ya kila Alhamisi. Ni mwalimu mstaafu, na hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Hupita safu kwa safu akiokota penseli tulizosahau, huketi kiti cha mwisho, kisha huzichonga kwa wembe moja baada ya nyingine. Wakati huo hakuna anayemsemesha. Siku ile Tunu, ambaye hajui kungoja, alimshika mkono wenye wembe.

"Bibi, hivi ule msemo wa mgeni umetoka wapi?"

"Utanikata kidole, wewe!"

"Samahani, Bibi. Ila si ni sawa tu na nyani haoni kundule?"

Bi Mwajabu akauweka wembe chini. "Nyani haoni kundule ni ya kumsuta mtu. Hii sivyo. Kaeni. Na huyo anayeegemea ukuta naye akae, ukuta hautaanguka."

Tukakaa, watano.

"Methali nyingine hazina kwao," alisema. "Hii ina kwao, ina siku yake, nami nilikuwepo. Ilianza hivi."

*

Kuta hizi mnazigongelea misumari mpendavyo. Sisi hatukuwa na kuta. Chuo kilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala la mkonge, hapa hapa Tanga, na mijadala ya hadhara tuliifanyia kwenye ukumbi wa ushirika, ng'ambo ya barabara. Ukumbi ule ulikuwa na mtunzaji wake, Mzee Kihiyo. Alikuwa na funguo kumi na moja kwenye pete ya chuma kiunoni, na sheria moja tu: hakuna msumari ukutani mwake. Ukuta ule aliupaka chokaa kila mwaka kwa mkono wake mwenyewe. Ukimbembeleza, "Mzee, pini ndogo tu," alikujibu, "Pini ni mtoto wa msumari. Atakua."

Basi Mwalimu Semboja, mwenyekiti wetu wa mijadala, akabuni njia. Mwenye picha alivikwa mgongoni kipande cha hadubodi, ule ubao mwembamba, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba ya katani, na picha ikabanwa hapo kwa vibanio viwili vya nguo. Alisimama mbele akiutazama ukuta, mgongo wake ukitazama watu. Watu waliijadili picha, naye alisikia bila kumwona msemaji. Hakuruhusiwa kujibu mpaka Mwalimu agonge meza na kusema, "Geuka."

Mwanzoni tulilalamika, kisha tukaipenda njia ile. Mtu anayesema na mgongo wako hakuogopi wala hakubembelezi. Na waliokuja hawakuwa wanafunzi peke yao. Waliingia mafundi cherehani, makuli, akina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao vya dagaa, wakasema walichokiona. Mpaka leo nikigusa kamba ya katani, shingo inaniwasha.

Nilipanga chumba pamoja na msichana mmoja wa Usangi, milimani Upare, jina lake Nakijwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wetu sote. Shida ilikuwa mdomo. Chuo kilikuwa na kanuni kwamba mchoraji ajue kuitetea kazi yake mbele ya watu. Atakayeshindwa mara tatu atahamishiwa kozi ya uhazili. Nakijwa alikuwa ameshindwa mara mbili. Mara ya kwanza aligeuka, akawaona watu, akalia. Mara ya pili hakulia. Alisema "asanteni" na kuketi.

Tulikuwa na mwenzetu, Mhando, ambaye ulimi wake haukujua likizo. Akamwambia, "Nakijwa, usihofu. Taipureta haiulizi maswali. Mtaelewana." Tulicheka, hata mimi nilicheka. Nakijwa naye alicheka, lakini chakula cha mchana hakukila.

Mjadala wa tatu ukafika. Ilitakiwa picha ya jalada la kitabu cha kisomo, kwa ajili ya watu wazima wanaojifunza kusoma. Nakijwa alichora mama aliyejifunga khanga safi, ameshika kitabu, anatabasamu, na jua linachomoza nyuma yake. Ilikuwa picha nzuri. Ilifanana na picha zote zilizobandikwa mjini mwaka ule.

Sasa, miaka ile ilikuwa ya uhaba. Sabuni ya shida, sukari ya shida, na karatasi ya kuchorea ndiyo usiseme. Karatasi moja tuliichora pande zote mbili. Na nyuma ya yule mama mwenye khanga, Nakijwa alikuwa amechora picha nyingine kwa penseli, ambayo hakukusudia mtu aione. Ilikuwa picha ya mzee ameinamia daftari, pua karibu iguse meza. Penseli ameishika kwa ngumi nzima, kama mtu anavyoshika mpini wa jembe. Ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Kwenye daftari kuna herufi tatu kubwa zimelala upande. Na kiunoni, pete ya funguo.

Ni hivi: Nakijwa alikuwa na zamu ya kufagia ukumbi asubuhi, na ndiko alikomwona Mzee Kihiyo akijifunza kuandika peke yake kabla watu hawajafika. Hakuna aliyejua kuwa Mzee hajui kusoma. Barua ya ukumbi ikija aliiinua mbele ya macho, akatikisa kichwa kidogo, halafu akamwambia aliye karibu, "Miwani nimeisahau nyumbani, hebu nisomee." Nakijwa alinionyesha picha ile mara moja tu, akaniapisha nisiseme.

Siku ya mjadala, zamu ya kubana picha ilikuwa yangu. Nakijwa alinipa karatasi, akanigeuzia mgongo. Nikabana. Akaenda kusimama ukutani.

Upande uliotazama watu ulikuwa ule wa nyuma.

Watu wakanyoosha shingo kutazama. Kwa kawaida watu walianza kusema hata kabla hujakanyaga alama ya kusimamia. Mwisho kuli mmoja akasema, "Huyu mtu namjua."

"Ni nani?" akauliza Mwalimu Semboja.

"Jina lake silijui. Nasema namjua. Marehemu baba alishika kalamu hivyo hivyo, kama anataka kuipanda ardhini."

"Na huo ulimi, jamani!" akasema mama mmoja. "Mwanangu wa darasa la kwanza mtupu!"

Watu wakacheka, kicheko cha upole. Lakini niliona mabega ya Nakijwa yakipanda. Ulimi gani? Kalamu gani? Mama wa khanga aliyemchora alikuwa amefumba midomo, na hakushika kalamu. Alidhani wanamfanyia dhihaka.

Ndipo Mhando akainuka. "Ndugu Mwenyekiti, mimi naona funguo. Moja, mbili, tatu... kumi na moja! Mzee Kihiyo, hebu simama tukulinganishe!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii hakikuwa cha upole. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Kumbe miwani ndiyo hiyo!"

Mzee Kihiyo alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Aliteremsha kiganja taratibu akazifunika funguo zake, kama mtu anayefunika kidonda nzi wasitue.

Nakijwa akageuka.

"Bado, Nakijwa," akasema Mwalimu. "Sijagonga meza."

"Nisamehe, Mwalimu. Siwezi kungoja."

Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi tunyamaze ili tuisikie.

"Msimcheke. Picha hiyo sikuichora muione. Mzee wangu, naomba unisamehe. Lakini maadamu mmeiona, nitawaambia kwa nini niliichora. Mimi nina miaka kumi na tisa. Nimesoma, herufi zote nazijua, na tangu nifike hapa sijaweza kusema maneno kumi mbele yenu. Yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu, na kila asubuhi anaanza upya na a. Akikosea anafuta kwa mate, anaandika tena. Mimi husimama nyuma ya mlango na ufagio wangu, namtazama. Nikirudi chumbani naona haya. Yule mama mwenye jua, upande wa pili, simjui. Nilimchora kwa sababu ndivyo wanavyochorwa. Huyu namjua. Huyu nataka niwe kama yeye."

Mwalimu Semboja alikuwa bado ameinua kijiti chake cha kugongea meza. Akakilaza mezani bila kugonga.

Mzee Kihiyo aliinuka, akapita katikati ya viti mpaka mbele. "Geuka, mwanangu," akasema.

"Mzee, mimi..."

"Geuka nami nione. Wote wameniona isipokuwa mimi."

Nakijwa akaugeukia ukuta. Mzee akaitazama picha kwa muda mrefu, akaikaribia kama alivyozoea kuinamia daftari.

"Hivi huwa natoa ulimi?"

"Ndiyo, Mzee," akajibu Nakijwa, akiuambia ukuta.

"Kila siku?"

"Ukifika kwenye k."

Mtu mmoja akacheka, kisha Mzee mwenyewe akacheka, ndipo sote tukapumua. Mzee akatugeukia.

"Miwani sina," akasema. "Sijapata kuwa nayo. Miaka ishirini nimewazungusha na miwani, nikidhani nimebeba aibu. Leo binti huyu ananiambia nilichobeba si aibu. Naye mwenyewe amesimama hapa akidhani amebeba mama wa khanga! Ama kweli, mbeba picha huiona kwa macho ya wenziwe. Basi nanyi wenzetu mnaotazama, tazameni vizuri."

Maneno yalikuwa hayo. Wanafunzi tuliyachukua siku ile ile. Mtu akimaliza kazi na kuanza kujisifu au kujilaumu kabla haijaonwa, tulimwambia, "Mbeba picha!" naye akaumalizia msemo mwenyewe. Tulipotawanyika, mmoja akaenda gazetini, mwingine kwenye mitambo ya kuchapa, wengine kufundisha, na maneno yakatufuata. Mgeni wenu wa leo sidhani kama amewahi kulisikia jina la Mzee Kihiyo.

Nakijwa hakwenda uhazili. Kwenye jalada la kitabu iliwekwa picha aliyoichora Mhando: mama, kitabu, jua. Na ile ya Nakijwa, Mzee aliiomba. Tulidhani ataitundika. Aliikunja mara mbili, sisi wachoraji wote tukapiga ukelele, akaitia mfuko wa shati na kwenda kufunga madirisha.

*

Bi Mwajabu aliushika tena wembe. Nje mlinzi wa chuo alikuwa akiita kwamba muda umekwisha, na hakuna aliyeinuka.

"Lakini Bibi," akasema Tunu, safari hii polepole, "ulikoseaje? Picha zote mbili ulikuwa umeshaziona. Na siku ile ulikuwa na karatasi moja tu ya kubana."

"Wamekwisha kuniuliza. Nakijwa mwenyewe aliniuliza, sote tukiwa na watoto wakubwa. Nilimwambia ilikuwa haraka ya mikono, tukacheka, tukayaacha."

Alizitazama kucha zake.

"Sikukosea," akasema. "Niliipindua karatasi kwa makusudi. Nilimwona rafiki yangu anakwenda kuhamishwa, yule mama wa khanga akiwa mgongoni mwake, nikasema, acha waone mkono wake ulivyo. Kiapo nilichomwapia nilikivunja, wala sikujiuliza mara mbili. Nilipoitazama picha ile niliona mistari. Niliona kivuli chini ya ile ngumi, kilivyokaa sawasawa. Funguo za kumtambulisha Mzee sikuziona, Tunu. Zilikuwa mbele ya macho yangu, mimi ndiye niliyebana vibanio, na sikuziona mpaka zilipohesabiwa kwa sauti, na yule mzee akajifunika kiuno kwa kiganja. Nilimwokoa rafiki yangu, nikamvua nguo babu wa watu mbele ya umma, na nikanyamaza miaka arobaini. Mnasema siku ile aliyebeba picha ni Nakijwa. Mimi pia nilibeba. Mbeba picha huiona kwa macho ya wenziwe."